Samatha, vipasana, Zen au Mahamudra: uanze na ipi ukiwa Kigoma?

Watu wa hapa Kigoma wanaoniuliza kuhusu meditesheni ya Kibuddha karibu wote huanza na swali moja: njia ipi inafika ndani zaidi? Wameangalia video mbili tatu kwenye simu. Mmoja amesikia vipasana, mwingine Zen, mwingine Dzogchen ya Watibeti, na kila mwalimu anasema njia yake ndiyo inayoionyesha akili jinsi ilivyo. Kwa maoni yangu swali hilo halimsaidii mtu kuchagua. Njia zote nitakazozilinganisha hapa zimewafikisha watu mbali, na zote zina watu zilizowapoteza. Linalosaidia ni kuuliza hivi: ukikosea, njia hiyo itakuonyesha mapema kwamba umekosea, au itakuacha miaka unaamini umefika?

Kwa mkazi wa Dar es Salaam swali hilo si zito sana. Akikwama, anaweza kwenda Upanga kwenye hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, akamuuliza mtawa ana kwa ana. Sisi tuko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka huko. Mwalimu wetu wa kila siku ni simu, na simu haioni umekaaje wala haikuulizi umeona nini. Ndiyo maana napima kila njia kwa kosa lake kuliko kwa sifa zake.

Zinapokubaliana

Zote zinarudi kwenye mafundisho ya Buddha mwenyewe. Katika hotuba yake ya pili, aliyowapa wenzake watano kule Isipatana karibu na Varanasi, aligawa mtu katika mafungu matano: mwili, hisia za raha, karaha na zisizo hizo wala hizo, utambuzi unaokipa kitu jina, misukumo ya nia na mazoea, na ufahamu. Kila fungu akalihoji kwa namna ileile. Je, linadumu? Na kama kweli lingekuwa ni wewe, si ungeliamuru liwe hivi au lisiwe vile? Jaribu kuiamuru hasira isije. Jaribu kuiamuru akili isilikumbuke deni la duka. Haikubali. Kwa Wabuddha, kuijua akili ni kuikuta kazini, ukaona mwenyewe kwamba yaliyomo yanakuja kwa sababu zake na kuondoka kwa sababu zake, wala hayaongozwi na bwana mmoja aliyekaa ndani.

Nianze na jambo ambalo video nyingi hulikwepa. Wengi wetu hapa ni Waislamu na Wakristo. Kuangalia pumzi hakukutaki uamini chochote, na Ujiji, mji ambao zikri za tarika ya Kadiria zina historia ndefu, kazi ya kuirudisha akili mahali pamoja kila inapotoroka si ngeni hata kidogo. Lakini fundisho la Buddha kwamba hakuna nafsi inayodumu ni fundisho kamili, na haliko sawa na habari ya roho tunayofundishwa msikitini au kanisani. Anayekwambia hakuna tofauti anakubembeleza. Unaweza kutulia kwa pumzi maisha yako yote bila kuligusa fundisho hilo. Huwezi kuifuata vipasana, au Mahamudra ya Watibeti, hadi mwisho bila kukutana nalo uso kwa uso. Amua mapema unakwenda hadi wapi, na umweleze mwenzako wa nyumbani pia, asije akasikia habari zako kwa jirani.

Samatha na vipasana

Huu ndio mgawanyo wa kwanza, na wengi huuchanganya.

Samatha ni kutuliza. Unachagua kitu kimoja, mara nyingi pumzi inapogusa mlango wa pua, na kila akili ikienda zake unairudisha bila ugomvi. Hotuba ya Buddha kuhusu pumzi ina hatua 16, kuanzia kujua kama pumzi ni ndefu au fupi hadi kutazama mambo yakififia na kuachwa. Ukizama sana unafikia utulivu mkubwa unaoitwa jhana. Kuhusu akili yenyewe, samatha inakufundisha jambo moja kubwa: vurugu uliyoizoea si akili, ni kitu kilichoingia ndani yake.

Kuna Brahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa India, aliyemuuliza Buddha kwa nini siku nyingine hata maneno aliyoyakariri kwa miaka hayamjii. Akajibiwa kwa mfano wa bakuli la maji ambamo mtu anataka kuona uso wake. Tamaa ni maji yaliyotiwa rangi. Chuki ni maji yanayochemka. Uzito na usingizi ni maji yaliyofunikwa na mwani. Mahangaiko na majuto ni maji yanayopigwa na upepo. Mashaka ni maji ya tope yaliyowekwa gizani. Naupenda mfano huu kwa sababu unatumika kama kipimo. Ukikaa ukaona mambo hayaendi, usiseme tu “leo siwezi”. Uliza ni maji gani. Ya upepo na ya mwani hayatibiwi kwa dawa moja: aliyejaa mahangaiko anahitaji kulegea na kurefusha pumzi, aliyejaa usingizi anahitaji kunyoosha mgongo, kufumbua macho, hata kusimama.

Kosa la samatha ni usingizi unaojifanya utulivu. Kichwa kinakuwa kizito, nusu saa inapita, unaamka ukisema palikuwa na amani. Dawa ni kujiuliza mara tu kengele ya simu inapolia: pumzi ya mwisho niliyoijua ilikuwa ya kuingia au ya kutoka? Kama huna jibu, ulikuwa umelala. La pili ni kuung’ang’ania ukimya. Mtoto anakuita, “Baba, njoo uone,” nawe unawaka hasira kwa sababu amekukatisha. Hasira hiyo inakupa habari za kweli kuliko ile amani. Tatizo ni kwamba makosa haya mawili ni matamu, na kosa tamu huchelewa kuonekana.

Vipasana inakwenda upande mwingine. Inaruhusu mambo yaje, na kazi yako ni kuyajua yanapokuja, yanapokaa, yanapokwisha. Zamani katika nchi za Theravada, tawi la Ubuddha la Sri Lanka na Burma (leo Myanmar), kazi hii ilionekana kuwa ya watawa. Kule Burma, mtawa Ledi Sayadaw, aliyefariki 1923, ndiye aliyesukuma kwa nguvu ifundishwe kwa watu wa kawaida, wakulima na makarani. Kutoka Burma hiyohiyo zimetoka shule mbili ambazo leo mtu yeyote mwenye intaneti atakutana nazo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uamuzi wa wengi ulipo.

Mahasi au Goenka

Mahasi Sayadaw, aliyeishi 1904 hadi 1982, alifundisha kuanza na tumbo. Pumzi ikiingia tumbo linapanda, ikitoka linashuka. Unalijua hilo na kulitaja kimoyomoyo: kupanda, kushuka. Kitu kingine kikizidi nguvu, unakihamia na kukitaja hichohicho: kusikia, kuwaza, kuuma, kukasirika. Kikiisha unarudi tumboni. Jina linatajwa kwa wepesi. Sehemu kubwa ya kazi ni kujua, na jina ni kijiti cha kukushikiza tu.

Chukua mchana wa mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza, umekaa chumbani Katubuka. Tone la jasho linatoka nyuma ya sikio na kuanza kushuka shingoni. Unataja: kutekenya, kutekenya. Halafu unaona kitu cha pili, hamu ya kulifuta. Unataja: kutaka, kutaka. Sasa angalia kwa karibu. Kutekenya kuko shingoni. Hamu ya kufuta haiko shingoni. Imekuja nyuma kidogo, ina haraka yake, na mkono umeshaanza kujikaza kabla hujaamua lolote. Ukikaa nayo, hamu inapanda, inafika kileleni, inalegea, huku tone bado linashuka taratibu. Walimu wa Burma wanaiita hiyo hatua ya kwanza ya maarifa: kuona kwamba kinachohisiwa ni kimoja na kinachojua ni kingine. Hatua ya pili ni kuona nani anamsukuma nani: tone likaleta hamu, hamu ikaukaza mkono, na katika mlolongo wote huo hapakuwa na mtu aliyetoa amri. Ukiliona hilo mara moja kwa jasho, utaliona sokoni Mwanga mtu akikupandishia sauti. Neno lake, hisia mbaya, hamu ya kujibu. Ni vitu vitatu, na baina yake mna nafasi.

Mama mmoja anayeuza mawese alinilalamikia, “Mwanangu, tangu nianze kukaa, mawazo yamezidi. Si dalili mbaya hii?” Nikamjibu, “Mama, yalikuwepo. Sasa ndiyo unayaona.” Hapo ndipo ninapoipenda njia hii kwa mtu asiye na mwalimu wa karibu. Kosa lake linajitokeza haraka. Ukisinzia, majina yanakatika. Ukianza kutaja kama kasuku, utajikuta unasema “kupanda” wakati tumbo linashuka. Ukijidanganya kwamba huna hasira, neno “hasira” litakuja lenyewe. Kosa lake gumu zaidi ni ukavu: mtu anageuka mwandishi wa orodha, anataja kila kitu na hagusi chochote. Likikutokea, acha majina kwa siku chache, baki na kujua tu.

S. N. Goenka alizaliwa Mandalay mwaka 1924 katika familia ya wafanyabiashara wa asili ya India, akafariki 2013. Mwalimu wake, U Ba Khin, hakuwa mtawa. Alikuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma na akawafundisha wafanyakazi wa ofisi yake, jambo ambalo watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa walitie maanani wanaposema kazi haziwaruhusu. Njia hii inapita mwilini sehemu kwa sehemu, kutoka utosini hadi vidoleni, ikiangalia kila hisia: joto, mgandamizo, ganzi, mtetemo. Hoja yake ni kwamba akili haikimbilii kitu chenyewe. Inaikimbilia au kuikimbia hisia inayozaliwa na kitu hicho. Ukiacha kurukaruka kwa hisia za mwili, umeukata mnyororo wa tamaa mahali ulipo dhaifu.

Hufundishwi kwa maandishi. Unaingia kozi ya siku 10: kuamka saa kumi alfajiri, karibu saa 10 za kukaa kila siku, hakuna simu, hakuna kuongea na wenzako hadi siku ya kumi, ingawa kumuuliza mwalimu unaruhusiwa. Siku tatu za kwanza ni pumzi puani, ya nne ndipo vipasana inapoanza. Hakuna ada ya kozi, chakula wala malazi. Inaendeshwa kwa sadaka za waliokwisha kumaliza kozi. Afrika ina kituo cha kudumu Worcester, Afrika Kusini. Kwa hiyo gharama yako ni nauli, pasipoti na likizo.

Kosa la njia hii ni kuwinda hisia. Mtu akipata siku moja mwili wote unatiririka mtetemo mzuri, kesho anakaa akiutafuta, na usipokuja anajiona ameshuka daraja. Goenka mwenyewe anaonya hivyo katika mihadhara ya kozi, tena na tena. Ndani ya kozi onyo hilo liko masikioni mwako kila jioni. Ukirudi nyumbani, halipo.

Nikilazimika kuchagua kati ya hizi mbili kwa mtu wa hapa, nasema Mahasi nyumbani, na kozi ya Goenka siku ukiipata nafasi. Kujaribu Goenka peke yako kwa kufuata video ni kuchukua sehemu ngumu ya njia na kuacha ulinzi wake.

Zen

Hapa nitapita haraka, si kwa kuidharau. Zen ni tawi la Ubuddha lililokulia China na Japani. Dogen, mtawa wa Kijapani aliyerudi kutoka China mwaka 1227, alifundisha kukaa tu: mgongo wima, macho nusu wazi kuelekea ukuta, bila kitu cha kushika na bila kutafuta mwangaza, yaani kuamka kwa akili, kwa sababu kukaa huko ndiko mwangaza wenyewe. Tawi la Rinzai linatumia koani, maswali ambayo hoja haziyajibu. Maarufu kuliko zote ni ile ya Zhaozhou, mwalimu wa Kichina, aliyeulizwa kama mbwa ana asili ya Buddha, yaani uwezo wa kuamka kama Buddha, akajibu “Mu”, yaani hapana au hakuna, nawe unabaki na hiyo Mu usiku na mchana.

Mwalimu wa Rinzai humwita mwanafunzi chumbani mmojammoja, humsikiliza, humfukuza, humwita tena. Ukimwondoa mwalimu huyo, koani inabaki fumbo, na mtu mwenye akili kali atalipatia jibu zuri lisilo na thamani yoyote. Kukaa tu nako bila jicho la mtu kunageuka kuota mchana, na ndani ya njia hakuna kengele ya kukuamsha. Ni njia nzuri kwa aliyekwisha kutulia. Kwa anayeanza peke yake huku ziwani, siipendekezi.

Mahamudra na Dzogchen

Wanaouliza hasa kuhusu asili ya akili, hapa ndipo wanapotaka kufika, na nawaelewa. Njia zilizotangulia zinatazama yanayotokea akilini. Hizi zinageuza jicho kumtazama anayetazama.

Katika Mahamudra, mapokeo yaliyoshuka kutoka kwa Tilopa na Naropa wa India hadi Marpa, Milarepa na Gampopa wa Tibet, mwanafunzi aliyetulia hupewa maswali ya kuchunguza, na anatakiwa ayachukue kama mtu aliyetumwa kutafuta kitu kilichopotea. Akili ina rangi? Ina umbo? Iko ndani ya mwili au nje? Kama ndani, ni kichwani au kifuani, na mpaka wake uko wapi? Wazo lililokuja sasa hivi limetoka wapi, limekaa wapi, limekwenda wapi? Huruhusiwi kujibu kwa kitabu. Utafute, urudi useme ulichokuta. Mtu akitafuta kwa dhati hakuti kitu, na hapohapo kujua hakujazimika: sauti ya boti inasikika, baridi ya sakafu inajulikana. Haishikiki, na ni angavu. Mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo wanayoyaita asili ya akili. Wazo hili lina mizizi hata upande wa Theravada, ambako Buddha ananukuliwa akisema akili inang’aa, na inachafuliwa na uchafu unaokuja kama mgeni.

Dzogchen, ambayo Longchenpa aliipangilia vizuri katika karne ya 14, inasema asili hiyo haitengenezwi na mazoezi; unatambulishwa kwayo, halafu unajifunza kutoisahau.

Uzuri wake ndio hatari yake. Kosa la kwanza ni kuchukua ile nafasi tupu kati ya wazo na wazo ukasema ndiyo hii. Wazo likija, inapotea. Kitu kinachofukuzwa na wazo sicho wanachokizungumzia. Kosa la pili ni baya zaidi, maana linaharibu maisha ya wengine: mtu anasikia kwamba akili ni safi tangu mwanzo, anaona hana haja ya kujizuia, anadanganya, anakopa halipi, anasema yote ni utupu. Walimu wa Kitibeti waliliona hilo zamani. Ndiyo sababu wengi wao wanamtaka mwanafunzi amalize kwanza mazoezi ya awali, kila moja mara 100,000, kusujudu kukiwa mojawapo, na wanasisitiza utambulisho utoke kwa mwalimu aliye hai.

Ugomvi huu ni wa kale. Mwishoni mwa karne ya 8, mbele ya mfalme Trisong Detsen wa Tibet, Kamalashila wa India alishindana kwa hoja na mtawa wa Kichina Moheyan katika habari inayohusishwa na monasteri ya Samye. Moheyan alishikilia kwamba kuacha kila fikra kunatosha. Kamalashila akasema asiyechunguza kwa hatua haachi ujinga, anaufunika. Watibeti wanasimulia kwamba Kamalashila alishinda. Maandishi ya Kichina yaliyokutwa Dunhuang yanasimulia vingine. Mimi, kwa mtu aliye mbali na mwalimu, niko na Kamalashila.

Kwa hiyo, wewe uanzie wapi

Kama usiku hulali kwa mawazo ya biashara au mitihani, anza na samatha peke yake, dakika 15 au 20 asubuhi kabla hujafungua ujumbe wowote kwenye simu. Usiguse lingine hadi uweze kujibu lile swali la pumzi ya mwisho.

Kama unatulia bila shida lakini hasira na tamaa zako ni zilezile, umekaa sana kwenye samatha. Anza Mahasi, na ubakize pumzi kidogo mwanzoni mwa kila kikao. Wakati mzuri wa kukaa muda mrefu zaidi hapa kwetu ni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa sababu taa zao hazina kazi mbele ya mwezi, na injini za usiku zinapungua. Siku ya mwezi mpevu ndiyo pia Wabuddha wa Sri Lanka wanayoitenga kwa ibada na kutafakari.

Kama umevutwa na Mahamudra, chukua yale maswali baada ya kutulia, mara mojamoja, kwa udadisi. Utambulisho wenyewe ungojee mtu.

Kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au umetoka kwenye msiba mzito na hujalala siku kadhaa, usianze na yoyote, na kozi ya siku 10 usiiguse kabisa kwa sasa. Nenda hospitali ya Maweni ukaonane na daktari kwanza. Ukimya mrefu unaweza kulizidisha jeraha la namna hiyo.

Na anza kuweka nauli. Mbali na Upanga kuna kituo cha Wabuddha cha Entebbe, Uganda, kilichoanzishwa 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa Uganda, wa mapokeo ya Theravada. Kabla ya kusafiri, nunua daftari dogo. Katika shule ya Mahasi mwalimu hataki nadharia zako. Anauliza mambo matatu kuhusu kila ulichokikuta: kilitokea nini, ulikijuaje, na ulipokijua kikawaje. Andika hayo matatu baada ya kila kikao, mistari miwili au mitatu, kwa maneno yako ya kila siku, hata siku ulizosinzia. Ukifika mbele ya mtawa na kurasa hizo, ndani ya nusu saa atakuwa ameona unapokosea.